Nichome, Nesi: Sindano, Ini na Sukari katika Mwambao wa Mugango

Zahanati isiyochoma sindano haikuwa zahanati. Hivyo ndivyo watu wa Mugango, mkoani Mara kando ya ziwa, walivyoihesabu nilipoanza uuguzi mwaka 1974, na wazazi wao waliihesabu hivyo hivyo. Mama mzee alitoka vijiji vya juu kwa miguu, homa imemshika, akapanga foleni tangu asubuhi, halafu ukampa klorokwini ya vidonge kwenye karatasi. Aliitazama ile karatasi, akakutazama wewe, akairudisha mezani. "Nesi, mwanangu, sijatembea jua lote hili kwa ajili ya vidonge. Nichome." Ukimweleza kwamba dawa ni ile ile, alikuitikia kwa heshima na bado hakuondoka.

Wasomi wa mjini waliita huo ujinga. Mimi nimezaliwa Mugango, kwa hiyo najua imani ile ilitoka wapi. Ilitoka kwenye buba. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na kovu pana kwenye muundi, ngozi imevutwa na kung'aa, na alipotuhadithia utoto wake alilionyesha kwa kidole. Buba iliwala watoto: vidonda vyenye maji usoni na mapajani, nyayo zilizopasuka hadi mtoto akatembea kwa kisigino, na iliyokomaa ikafika mfupani. Majani, moto, maji ya chumvi, yote yalijaribiwa. Halafu katika miaka ya 1920 serikali ya Waingereza hapa Tanganyika ikaanza kuchoma sindano za aseniki na za bismathi, na vidonda vilivyokaa miaka vikakauka katika siku chache. Watu walisafiri kutwa kufuata sindano ile. Baada ya Vita Kuu ya Pili ikaja penisilini, na buba ikakaribia kwisha kabisa. Dawa gani nyingine, ya mzungu au ya mganga wa jadi, iliwahi kumfanyia mtu wa ziwani jambo la namna hiyo mbele ya macho yake?

Wamenonaiti kutoka Marekani walipofika Shirati mwaka 1934 na muda mfupi baadaye kufungua kituo hapa Mugango, walikuta njaa hiyo ya sindano imeshaanza. Walileta Injili na darasa, na pamoja navyo dawa. Shirati ikakua ikawa hospitali ambayo watu wa pande zote za Mara waliifuata. Kwa kizazi cha mama yangu, ibada, kalamu na sindano viliingia kwa mlango mmoja.

Naandika haya kwa sababu leo, kila ninapokaa na wagonjwa wa kisukari wa hapa kwetu, wanaambiwa historia fupi mno ya ugonjwa wao. Wanaambiwa ni soda, chipsi, mafuta, kitambi na kukaa bure. Kwa wengi ni kweli. Lakini wapo wavuvi wakavu kama kasia, watu waliovuta nyavu miaka thelathini na kula ugali wa udaga, yaani wa muhogo, kwa samaki, na sukari yao ipo juu. Ukipima damu zao zaidi ya sukari, baadhi yao unakuta kirusi cha homa ya ini ambacho wamekaa nacho tangu utotoni bila kujua. Ini na sukari tumevitibu katika vyumba viwili vyenye milango tofauti, na nadhani tumefanya hivyo kwa kuwa hatukuifuatilia sindano ilikopita.

Basi niisimulie ile sindano kama nilivyoishika mimi.

Bomba lilikuwa la kioo, na fimbo yake ya kusukumia pia ya kioo, kila moja na namba yake. Ukichanganya fimbo ya bomba hili na ya lile, dawa ilivuja nyuma. Sindano zenyewe zilikuwa za chuma, fupi na ndefu, na hakuna aliyefikiria kuzitupa. Kila jioni kazi ilikuwa moja. Kwanza unapitisha maji ya baridi, kwa sababu maji ya moto yanaigandisha damu ndani ya tundu. Kisha unaingiza waya mwembamba kuzibua. Kisha unanoa ncha kwenye jiwe lililopakwa mafuta, ukiilaza sindano upande, taratibu, ncha isipinde. Ili kujua kama imenoleka vizuri, unaichoma kwenye pamba kavu na kuivuta: ikitoka na unyuzi, ncha ina ndoano, rudia. Mgonjwa aliyechomwa kwa sindano yenye ndoano alikujua jina hadi anakufa. Mwisho unapanga mabomba na sindano kwenye chombo cha kuchemshia, unaweka juu ya jiko la mafuta ya taa, na kuanzia maji yanapotokota unahesabu dakika 20.

Dakika 20 hizo zilikuwa na adui wengi. Siku ya gulio foleni ilifika hadi chini ya mwembe, na mabomba yaliyokuwepo hayakutosha kumpa kila mtu la kwake. Baada ya Vita vya Kagera mafuta ya taa yaliadimika, kama yalivyoadimika sabuni na sukari ya dukani, na jiko likawashwa kwa kuni pale zilipopatikana. Tena ulikuwepo utaratibu ambao ulifuatwa duniani kote, si kwetu tu: bomba moja linajazwa dawa ya watu kadhaa, na kati ya mtu na mtu inabadilishwa sindano peke yake. Tulifundishwa hivyo, na waliotufundisha walifundishwa hivyo. Kumbe damu kidogo isiyoonekana kwa macho inaweza kurudi nyuma na kuingia ndani ya bomba lenyewe.

Nje ya zahanati alikuwepo mchoma sindano wa mialoni. Kila mwalo ulikuwa na wake. Yule ninayemkumbuka alivaa koti hata jua la saa saba, na mfukoni alikuwa na kopo la tumbaku lenye pamba iliyolowa spiriti, na ndani ya pamba sindano mbili na bomba moja. Alikuwa na chupa ya PPF, ile penisilini ambayo kila mtu mzima wa Tanzania ya enzi zile anaijua kwa jina. Kisonono, jipu, kikohozi, mgongo, vyote alivichoma PPF, na malipo yalikuwa sato mkavu au pesa mvuvi akirudi. Alipendwa kuliko sisi, kwa sababu hakumwuliza mtu maswali na hakumpa mtu vidonge. Pamba yenye spiriti haiui kirusi kilichojificha ndani ya tundu la sindano. Kirusi cha homa ya ini aina ya B kinaweza kukaa nje ya mwili siku saba na bado kikaambukiza.

Sindano haikuwa mlango pekee, na nisiionee. Mama aliye na kirusi cha B humpa mtoto wakati wa kuzaa. Watoto wadogo huambukizana kwa vidonda na mikwaruzo wanapolala na kucheza pamoja, na Afrika hiyo ndiyo njia iliyosambaza zaidi aina ya B. Wembe mmoja uliwachanja chale watu wa nyumba nzima. Aliyeumwa kichwa aliumikwa, akachanjwa kwanza ngozi ili damu itoke. Sindano ilikuta barabara zipo, ikaongeza moja iliyo pana.

Ulimwengu wa madaktari ulikuwa umeonywa mapema. Mwaka 1883 wafanyakazi wa karakana ya meli huko Bremen, Ujerumani, walichanjwa ndui kwa majimaji yaliyotolewa kwa binadamu wengine. Kati ya watu 1,289 waliochanjwa, 191 wakawa na macho ya njano katika miezi iliyofuata, na wenzao walioajiriwa baadaye bila chanjo ile hawakuumwa. Daktari Lürman aliyaandika hayo mwaka 1885, kirusi hakijajulikana bado. Mwaka 1942 askari wa Marekani walichanjwa chanjo ya homa ya manjano iliyochanganywa na majimaji ya damu ya watu, na maelfu kwa maelfu wakapata manjano. Waliokadiriwa kuambukizwa baadaye walifika takriban 330,000.

Lakini kisa kinachonigusa zaidi ni cha Lund, Sweden. Mwaka 1926 madaktari watatu, Flaum, Malmros na Persson, walieleza mlipuko wa manjano katika kliniki moja. Kliniki ya nini? Ya kisukari. Wagonjwa walitobolewa ili kupimwa sukari, na kifaa cha kutobolea kikahama kutoka mtu hadi mtu. Insulini ilikuwa na miaka minne tu tangu mtoto wa kwanza kuchomwa kule Toronto, Januari 1922. Yaani kisukari na homa ya ini vilikutanishwa mezani, na mkutanishaji alikuwa ncha ya chuma, miaka karibu 70 kabla mtu hajauliza kama kirusi cha ini chenyewe kinaweza kuleta sukari.

Ili swali hilo liulizwe, ilibidi virusi vijulikane. Mwingereza MacCallum ndiye aliyependekeza mwaka 1947 majina ya A na B kutofautisha homa ya ini ya chakula na maji na ile ya damu. Katika miaka ya 1960 Baruch Blumberg, akichunguza damu za watu wa mataifa mbalimbali, alikuta kwenye damu ya mwenyeji wa asili wa Australia kitu ambacho baadaye kilitambuliwa kuwa gamba la kirusi cha B. Alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1976. Kirusi kingine cha homa ya ini, cha aina ya C, kilisubiri hadi mwaka 1989 kutambuliwa.

Hapo ndipo Misri inapoingia, na kwa mtu wa ziwani Misri haiko mbali. Maji tunayooga hapa Mugango hutoka ziwani kupitia Jinja na kuwa Nile. Yanafika Khartoum, yanafika Kairo. Kichocho nacho kipo kwetu na kipo kwao, konokono wake anaishi katika maji ya aina moja. Theodor Bilharz alimgundua mnyoo wake Kairo mwaka 1851. Khartoum, mwaka 1918, daktari Christopherson alionyesha kwamba chumvi ya antimoni ikichomwa kwenye mshipa inaua mnyoo huyo. Ilikuwa dawa kali, ya kutapisha na kukohoza, na mtu hakupona kwa sindano moja: alihitaji kati ya 12 na 16, kwa wiki kadhaa.

Serikali ya Misri iliamua kuwatibu wakulima wake wote wa bonde. Nia ilikuwa njema, na nadhani lazima isemwe hivyo kabla ya jambo lolote lingine. Kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 timu zilipita kijiji kwa kijiji; katika miaka ya 1960 zilichomwa sindano zaidi ya milioni mbili kwa mwaka. Mabomba yalikuwa ya kioo, yakichemshwa kama nilivyochemsha mimi, na foleni zikiwa ndefu kuliko zangu. Kirusi cha C kilisafiri humo. Kilipoweza kupimwa, Misri ikakutwa ndiyo nchi yenye kiwango cha juu cha maambukizi ya C kuliko zote duniani, na walioumwa walikuwa hasa watu wa makamo na wazee wa vijijini, kizazi kile kile cha antimoni. Utafiti uliotoka katika jarida la Lancet mwaka 2000 uliunganisha mistari hiyo miwili.

Sisi huku kwenye chanzo tulikuwa na kichocho kile kile. Sindano za antimoni zilitumika pia Afrika Mashariki. Kwa nini hatukufika walikofika Misri? Jibu langu ni kwamba hatukuwa na uwezo wa kufanya kampeni kubwa namna ile. Zahanati zilikuwa chache na mbalimbali, na nchi ilipoanza kuzijenga kwa wingi katika miaka ya 1970 mkazo ulikuwa kwenye kinga. Mwaka 1973 redio ilitukusanya chini ya miti kwa kampeni ya Mtu ni Afya: kikundi kinasikiliza, kinajadili, kinaondoka kwenda kuchimba choo. Kichocho kilikuwemo katika masomo yale pamoja na malaria, safura, kuhara damu na kifua kikuu. Ilipowadia zamu ya kutibu kwa wingi, ilikuwepo prazikwantelo, vidonge vya kumeza siku moja. Vile vidonge ambavyo bibi zetu walivirudisha mezani ndivyo vilivyotuepusha na balaa la jirani yetu wa chini ya mto.

Hesabu za damu zinaonyesha tofauti hiyo. Hospitali ya Muhimbili ilipopima wachangia damu karibu 1,600, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalisema asilimia 8.8 walikuwa na kirusi cha B, na asilimia 1.5 walikuwa na dalili za C kwenye damu. Kwetu basi B ndiyo kubwa, na C ni ndogo. Nalisisitiza hili kwa sababu linaamua ni kiasi gani cha habari ya sukari kinatuhusu.

Ini ni ghala la sukari. Claude Bernard, Mfaransa, alilionyesha hilo katikati ya karne ya 19: ini huhifadhi sukari baada ya mlo na kuitoa tunapofunga. Insulini inayotoka kwenye kongosho ndiyo inayoliambia ini lifunge mlango, usitoe zaidi, iliyopo inatosha. Mwaka 1936 Harold Himsworth wa London alionyesha kwamba wagonjwa wa kisukari ni wa aina mbili: wanaoisikia insulini, na wale ambao miili yao ni sugu kwake hata ikiwepo. Daktari huyo huyo, miaka kumi na kitu baadaye, aliandika kitabu kizima juu ya ini na magonjwa yake. Mtu mmoja aliyashika yote mawili, na bado fani zikaachana.

Fani hizo zilianza kurudiana mwaka 1994, madaktari wa Cambridge walipowatazama wagonjwa mia moja ambao ini limesinyaa na kuwa kovu. Nusu ya wale wenye kirusi cha C walikuwa na kisukari. Kwa wale ambao ini lao liliharibiwa na mambo mengine, hawakufika mmoja kati ya kumi. Mtu angeweza kusema ni bahati ya wagonjwa wachache. Mwaka 2000 uchunguzi wa taifa wa Marekani, uliopima maelfu ya watu wa kawaida, ukakuta kwamba mwenye miaka 40 na zaidi aliyeambukizwa C alikuwa na uwezekano wa kuwa na kisukari cha ukubwani zaidi ya mara tatu ya asiyeambukizwa. Na mwaka 2004 Wajapani waliwapandikiza panya jeni moja tu ya kirusi cha C, ile ya protini ya kiini chake, na panya wakawa sugu kwa insulini hata kabla ya kunenepa na kabla ini halijaota kovu.

Maana yake ni kwamba kirusi hakisubiri ini liharibike. Ndani ya seli ya ini insulini hupokelewa mlangoni na ujumbe wake hubebwa na protini nyingine kwenda ndani. Kirusi cha C huzivuruga zile zinazobeba ujumbe. Na uvimbe wa muda mrefu unaoletwa na mwili unaopambana nacho huongeza mvurugo. Ini halisikii tena, linaendelea kumwaga sukari usiku na mchana. Kongosho linaongeza insulini, miaka na miaka, mpaka linashindwa. Mgonjwa anakuja kwetu akiwa na kiu na kukojoa mara kwa mara, anapimwa kidole, anaandikiwa kisukari. Ini halijaguswa na mtu.

Kwa kirusi cha B mambo si wazi hivyo. Tafiti nyingine zimeona uhusiano na usugu wa insulini, nyingine hazikuona. Lililo wazi ni kwamba B ikifikia kulisinyaza ini, sukari inayumba, kwa sababu ini lenye kovu halidhibiti sukari vizuri, awe nani aliyeliharibu.

Mara yenyewe ina sehemu katika historia hii, na vijana wetu hawafundishwi. Katika miaka ya 1980 Donald McLarty na wenzake wa Muhimbili walipita vijijini Kilimanjaro, Morogoro na hapa Mara wakiwapima watu kisukari, na matokeo yao ya mwaka 1989 yalisema kwamba vijijini hakikufika hata asilimia moja ya watu wazima. Wakati huo wataalamu wa dunia walishuku muhogo: walidhani sumu yake inaharibu kongosho. Mkoa wetu ulikuwa mahali pa kulijibu swali hilo kwa uchungu, kwani mwaka 1985 ukame ulipowafanya watu wa Tarime wale muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, watoto na akina mama walipooza miguu kwa konzo, na madaktari wa Shirati walishiriki kuuchunguza ugonjwa huo. Basi walipopimwa sukari watu wa kijiji kimoja cha Mara waliokula muhogo huo, kisukari hakikuwa zaidi ya kwingine. Muhogo ukaachiwa huru. Binafsi nilifurahi, udaga ndio ulionilea.

Kisha mambo yakabadilika haraka. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kisukari kwa asilimia 9.1 ya watu wa miaka 25 hadi 64. Ulaji, mjini, umri, bodaboda badala ya miguu, vyote vimo katika ongezeko hilo. Ila watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) ya Mwanza, ng'ambo ya ghuba, walipowachunguza kwa karibu watu wazima wa kanda hii, wakiwemo wengi wembamba na wengi wenye VVU, waliona kwamba usugu wa insulini upo lakini tatizo kubwa zaidi lilikuwa kongosho kutotoa insulini ya kutosha. Wanauliza utapiamlo wa utotoni na maambukizi ya muda mrefu vimefanya nini ndani ya miili ya watu wa ziwani. Swali lao ni zuri kuliko majibu mengi ninayoyasikia kwenye kliniki.

Binamu yangu ni mmoja wa hao wembamba. Alikwenda kuchangia damu mkewe alipofanyiwa upasuaji, na tangu Mpango wa Taifa wa Damu Salama uanze mwaka 2004 damu hupimwa kwa makini. Akaambiwa ana B. Aliambiwa asiogope, na alipouliza la kufanya akaambiwa arudi akiumwa. Miaka ikapita, akakonda, akapimwa sukari akakutwa nayo juu sana. Kwenye daftari la kisukari hapakuandikwa neno lolote juu ya ini. Siwezi kusema kirusi ndicho kilichomletea sukari. Ninachosema ni kwamba mtu mmoja alikuwa na majibu mawili ya damu, katika karatasi mbili, na aliyeyaweka pamoja ni ndugu yake aliyestaafu, mezani kwake, kwa miwani. Alipopelekwa kupimwa ini ipasavyo alianzishiwa dawa ya kukizuia kirusi. Dawa hiyo ya B haikifukuzi kabisa, humezwa kila siku. Sukari yake sasa inadhibitika.

Sindano yenyewe ilibadilika kwa hofu kabla haijabadilika kwa elimu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Habari ilivuka ziwa kwa mitumbwi, na katika miaka michache mama yule yule aliyesema "nichome" alianza kuja na bomba lake jipya la plastiki kwenye mkoba, limefungwa kwenye kitambaa, akilitazama mkononi mwako hadi mwisho. Mchoma sindano wa mwaloni alibaki bila wateja bila kukamatwa na mtu. Mwaka 1999 mashirika ya Umoja wa Mataifa yaliagiza kwamba ifikapo mwisho wa 2003 chanjo zote zichomwe kwa mabomba yanayojifunga yenyewe baada ya kutumika mara moja. Na mwaka 2002 Tanzania iliingiza chanjo ya homa ya ini aina ya B katika chanjo za watoto wachanga, pamoja na dondakoo, kifaduro na pepopunda. Waliozaliwa tangu hapo ni watu wazima sasa, wengine wana watoto. Kwao ukurasa huu umebadilika kweli.

Waliobaki ni sisi tuliozaliwa kabla, ambao ndio hasa tumefika umri wa kisukari. Misri imeonyesha jinsi ya kututazama. Mwaka 2014 ilipata kwa bei nafuu dawa mpya za C, vidonge vya miezi mitatu ambavyo huwaponya karibu wote wanaovimaliza, na kwa wengi wanaopona ini huanza kuisikia insulini vizuri zaidi. Kuanzia Oktoba 2018 hadi Aprili 2019 walipima karibu watu milioni 50 katika kampeni waliyoiita Afya Milioni 100. Katika foleni hiyo moja mtu alipimwa kirusi cha C, sukari, shinikizo la damu na unene. Nchi iliyoambukizwa na foleni ya sindano ilipanga foleni nyingine, ikaweka ini na sukari kwenye fomu moja.

Hapa kwetu siku za kupima sukari bure sokoni zimekuwa nyingi, na ninazipenda. Nikiwepo, nasimama karibu na meza na kuangalia jambo moja: kila mtu na ncha yake, na iliyotumika iingie kwenye boksi la njano papo hapo. Kisha namwambia kila aliyekutwa na sukari, hasa aliyezaliwa kabla ya 2002, hasa mwembamba, aende hospitali akaombe kipimo cha B na cha C siku hiyo hiyo anayokwenda kuthibitisha sukari. Wengine huniuliza ini linahusiana nini na sukari. Nawaketisha.